Nimeuliza, nimepata jibu mwenyewe: je, nijijibu?

Msomaji ameniandikia hivi:

"Wiki mbili zilizopita niliuliza swali katika jukwaa moja la maswali na majibu. Nina orodha ya namba za kumbukumbu zenye tarakimu 16, na kila nikizibandika kwenye Excel tarakimu ya mwisho inageuka kuwa 0. Watu kadhaa wamelisoma swali, hakuna aliyejibu. Juzi nimegundua mwenyewe. Sasa sijui la kufanya. Nikijijibu naona kama ninajisifu, na wengine watadhani jibu nilikuwa nalo tangu mwanzo. Nilifute? Au niandike tu kwamba nimeshapata? Na je, inafaa jibu langu mwenyewe niliwekee alama kwamba ndilo sahihi? Kuna pia mambo mawili matatu ninayoyajua vizuri ambayo sijaona yameulizwa popote. Naweza kuuliza na kujijibu hapo hapo?"

Ndugu yangu, usilifute swali hilo. Jijibu, na ikiwezekana jijibu leo, wakati njia uliyopitia bado iko kichwani. Mengine uliyouliza nitayafikia. Nimeanza na hili kwa sababu nimesimamia majukwaa ya aina hii kwa miaka mingi, na swali linalofutwa na mwenyewe baada ya kupata ufumbuzi ni hasara inayoniuma kila ninapoiona. Mtu amehangaika siku tatu, amepata, kisha anafuta nyayo zake kwa aibu. Anayemfuata nyuma anaanza upya siku zake tatu.

Aibu hiyo naelewa inakotoka. Katika mazungumzo ya ana kwa ana, anayeuliza kisha akajijibu mwenyewe huonekana kituko, kwa kuwa maneno yanawahusu waliokaa pale na yanaisha wakiinuka. Jukwaa la maswali na majibu ni kitu kingine. Walioko siku unayouliza ni wachache ukiwalinganisha na watakaofika baadaye, mmoja mmoja, kila mmoja akiwa ameandika tatizo lake kwenye kisanduku cha kutafutia. Anayefika mwaka ujao hana haja ya kujua nani aliuliza na nani alijibu. Anataka kujua tarakimu yake ya 16 imekwenda wapi.

Waliojenga majukwaa haya walilifikiria jambo lako mapema. Stack Overflow, jukwaa la maswali ya watengeneza programu za kompyuta lililoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, limeruhusu watu kujijibu, na mwaka 2011 Atwood aliandika bila kuzunguka kwamba si jambo la kuvumiliwa tu bali linahimizwa. Leo, mwenye alama zaidi ya 15 (yaani pointi ambazo mtu hupata wengine wakipigia kura alichoandika) akifungua ukurasa wa kuulizia anakuta chini yake kisanduku cha kuweka tiki, ili jibu liingie pamoja na swali. Tazama pia jinsi mlango wa majivuno ulivyofungwa. Huwezi kujipigia kura. Huwezi kulikubali jibu lako kuwa ndilo sahihi mpaka siku mbili zipite tangu uulize. Ukilikubali, kukubali kwenyewe hakukupi alama hata moja, ilhali jibu la mwingine likikubaliwa mwenyewe hupata 15. Ukiweka zawadi ya alama ili kuvuta watu wajibu swali lako, huwezi kujipa zawadi hiyo. Utakachopata ni kura za watu watakaoona jibu linafaa, na zikifika 3 kuna beji ndogo ya aliyejifunza mwenyewe. Kwa hiyo la kujisifu liondoe moyoni.

Njia ya pili uliyoitaja, ya kuandika "nimeshapata, asanteni", ndiyo ninayoichukia kuliko zote, na sisemi hivyo nikiwa nje ya kosa hilo.

Miaka kadhaa iliyopita seva niliyokuwa nikiitunza iliacha kuunganika na huduma nyingine. Kila ikijaribu, inakikataa cheti cha usalama cha upande wa pili. Nikauliza jukwaani. Usiku ule ule nikabadilisha mambo manne kwa pamoja: nilisasisha vyeti, nikarekebisha saa ya seva iliyokuwa imechelewa, nikagusa mpangilio mmoja wa mtandao, nikaizima na kuiwasha. Ikakubali. Nikaandika kwamba nimeshatatua, nikashukuru, nikalala. Baada ya kama mwaka mtu akaandika chini ya maneno yale kwamba yuko pale pale nilipokuwa, nilifanyaje? Niliweza kumtajia yale manne tu. Lililolitibu tatizo kati ya hayo sikulijua, na ukweli ni kwamba hata usiku ule sikulijua. Aliyajaribu moja baada ya jingine siku nzima, akirudi kuniambia lipi limeshindikana. Tangu siku hiyo siandiki kwamba jambo limetatuliwa kabla sijajua limetatuliwa na nini.

Na hapo ndipo kazi yako inapoanzia, kabla hujaandika neno lolote. Rudisha tatizo. Fungua faili jipya tupu, bandika namba zile zile kwa njia ya zamani, uone 0 ikirudi. Kisha fanya jambo moja tu kati ya yale uliyofanya juzi, uone kama 0 inaondoka. Ukifanya mawili kwa wakati mmoja hutajua ni lipi. Mara nyingi utagundua kwamba nusu ya hatua ulizodhani ni dawa hazikuwa na kazi. Ni dakika kumi tu, na zinatenganisha jibu na simulizi.

Swali lako nalijua, kwa hiyo niseme jibu ningeliandika vipi:

"Excel hutunza tarakimu 15 tu zenye maana katika namba moja. Kuanzia ya 16 huweka 0, na hilo hutokea papo hapo namba inapoingia kwenye seli. Ndiyo maana kuigeuza seli kuwa ya maandishi baada ya kubandika hakurudishi kitu, tarakimu imeshapotea. Ninachofanya ni kuchagua safuwima ingali tupu, kuiwekea aina ya maandishi, ndipo nabandika. Kwa namba moja moja natanguliza alama ya ritifaa (') mbele yake. Faili la CSV (data ya maandishi matupu iliyotenganishwa kwa mikato) silifungui kwa kulibofya mara mbili. Naliingiza kupitia menyu ya data na kuchagua aina ya maandishi kwa safuwima hiyo. Aliyekwisha kubandika na kuhifadhi arudi kwenye faili la asili, maana kwenye hili hakuna cha kuokoa. Safuwima ya maandishi haijumlishiki, lakini namba za kumbukumbu hazina haja ya kujumlishwa."

Ni mistari michache, na kila mmoja una mtu wake. Anayetaka kutoka haraka anapata hatua. Anayetaka kuelewa anapata sababu: tarakimu 15. Yule ambaye tayari amehangaika na kugeuza seli kuwa maandishi, kama pengine ulivyofanya wewe siku ya kwanza, anaona kwamba kosa halikuwa mikononi mwake, alichelewa tu. Na yule mwenye bahati mbaya, aliyekwisha kuhifadhi, anaambiwa ukweli badala ya kuachwa atafute kisichokuwepo. Sehemu hii ya mambo yasiyofanya kazi ndiyo ambayo mtaalamu aliyejibu kwa haraka huiacha, kwa sababu yeye hajawahi kuyajaribu. Wewe umeyajaribu. Hapo unamzidi, na usikubali kuitupa faida hiyo kwa kuandika hatua ya mwisho peke yake. Taja pia toleo la programu ulilotumia.

Kuna jambo moja linalonishughulisha zaidi ya jibu. Wengi wanaojijibu hukosea kwenye swali.

Mtu akishapata ufumbuzi, hurudi kwenye swali lake akaliona limeandikwa kijinga. Anaona haya. Analirekebisha. Kichwa kilichosema "Tarakimu ya mwisho inageuka kuwa 0 nikibandika namba ndefu" kinakuwa "Kikomo cha usahihi wa tarakimu 15 katika Excel". Kinapendeza, kinasomeka kama maneno ya mjuzi, na kimeshapoteza kazi yake. Anayepatwa na tatizo hili hajui kwamba kuna kikomo. Angejua asingetafuta. Yeye anaona 0 mahali palipokuwa na 7, au anaona seli imeandika 1.23457E+15 na moyo unashtuka. Hayo ndiyo maneno atakayoyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia, na kama swali lako halina maneno hayo, jibu lako zuri litakaa gizani.

Kwa hiyo linda swali la yule wewe wa wiki mbili zilizopita, ambaye hakujua. Maneno yake ni ya thamani kuliko ya leo, kwa sababu huwezi kuyarudia tena kwa urahisi. Kujua kunafuta kumbukumbu ya kutojua. Unachoruhusiwa kurekebisha ni tahajia, na kuongeza dalili ulizosahau. Ujumbe wa kosa unakiliwa kama ulivyotokea kwenye skrini, herufi kwa herufi, kwa maandishi na si kwa picha, maana maneno yaliyo ndani ya picha ya skrini ni vigumu kuyapata kwa kuyatafuta. Yale maneno ya kitaalamu uliyojifunza sasa yaweke ndani ya jibu. Hivyo ukurasa mmoja unapatikana kwa milango miwili, wa asiyejua na wa anayejua nusu.

Usije pia ukaliandika jibu ndani ya swali lenyewe. Naliona hili kila mara: chini ya swali mtu anaongeza "HARIRI: nimepata, ni hivi na hivi". Msomaji anayepita anaona swali lisilo na jibu, na mfumo wa jukwaa unaendelea kulihesabu hivyo. Watu hawawezi kulipigia kura jibu lililojificha humo, wala kulikosoa peke yake. Liweke mahali pa majibu.

Nikiwa kwenye swali lako, nikuombe jambo moja kwa uzito. Namba zenye tarakimu 16 zinaweza kuwa namba za kadi za benki au za wateja wa mtu. Kama uliweka za kweli katika mfano wako, ziondoe sasa hivi na uweke za kubuni, kisha umwombe msimamizi afute nakala za zamani za ujumbe huo, kwa sababu majukwaa mengi hutunza historia ya kila uhariri na yeyote anaweza kuifungua.

Sasa la alama ya jibu sahihi. Inafaa, ila usiharakishe. Ngoja siku kadhaa hata kama jukwaa halikulazimishi. Ukishaweka alama, baadhi ya wajuzi hupita bila kusimama, wakiona jambo limekwisha, na huenda mmoja wao alikuwa na njia bora kuliko yako. Ikija iliyo bora, alama iende huko, na la kwako libaki chini yake. Hakuna aibu katika hilo, na msomaji atapata njia mbili. Ikiwa ulifikia ufumbuzi kwa sababu ya mtu aliyekudokezea kwenye maoni, mtaje. Mimi huenda mbali zaidi kidogo: kama dokezo lake ndilo jibu lote, humwomba aliandike yeye kama jibu, nikampa siku mbili tatu. Asipofanya, naliandika mwenyewe na kusema wazi kwamba fikra ni yake.

Unaogopa pia watu kudhani jibu ulikuwa nalo tangu mwanzo. Wakidhani hivyo, wamekosea nini? Hakuna anayeibiwa. Tatizo huja pale tu mtu anapodanganya, na udanganyifu ninaoujua mimi katika jambo hili ni wa akaunti mbili. Mtu anauliza kwa jina moja, anajijibu kwa jina la pili, anajishukuru, anajipigia kura. Wengine hufanya hivyo ili kusifia bidhaa yao wenyewe. Wasimamizi tuna njia za kuziona kura za aina hiyo; kwenye Stack Overflow hufutwa na akaunti husimamishwa. Jijibu kwa jina lile lile ulilouliza nalo. Na kama ufumbuzi unaoupendekeza ni programu uliyoitengeneza wewe au kampuni inayokulipa, sema hivyo katika sentensi ya kwanza.

Je, kama jibu lako si sahihi? Hilo ndilo linalowazuia wengi kuliko majivuno, nadhani, ingawa hukuliandika. Kuna kauli maarufu iliyopewa jina la Ward Cunningham, ambaye mwaka 1995 alitengeneza tovuti ya kwanza ya aina ya "wiki", yaani inayoweza kuhaririwa na wasomaji wake, kwamba ukitaka jibu sahihi kwenye intaneti usiulize swali, weka jibu lenye makosa. Mwenyewe ameikana kauli hiyo, lakini yeyote aliyewahi kusimamia jukwaa anajua kuna ukweli ndani yake. Swali lako limekaa wiki mbili kimya. Weka jibu lenye kasoro, na huenda wale wale waliopita kimya wakasimama kukusahihisha. Wakikusahihisha, hariri jibu, washukuru, endelea. Andika ulichokiona na mipaka yake: nimelijaribu kwenye toleo hili, kwa namba hizi, sijalijaribu kwingine. Anayeandika hivyo hata akikosea hajampotosha mtu.

Siku hizi wengi hupata ufumbuzi wao kwa kuongea na roboti za akili mnemba, na huenda hata wewe juzi ulipitia huko. Si vibaya. Ila usilinakili jibu la roboti ukalibandika kama lako. Stack Overflow iliyapiga marufuku majibu ya ChatGPT mwezi Desemba 2022, siku chache tu baada ya roboti hiyo kutoka, kwa sababu yalikuwa yakimiminika kwa wingi, yanasomeka vizuri, na mengi si sahihi. Ulichoambiwa kijaribu kwa mkono wako kama nilivyoeleza, kisha andika kwa maneno yako kile kilichotokea. Na hapa naona sababu mpya ya kujijibu hadharani ambayo miaka kumi iliyopita haikuwepo. Mazungumzo yako na roboti hayaonwi na mtu mwingine. Tatizo linatatuliwa chumbani na kufia humo, na kesho mwingine analileta upya chumbani kwake. Ukurasa wa wazi unaweza kusomwa na kusahihishwa na yeyote.

Tumalizie na yale mambo mawili matatu unayoyajua ambayo hayajaulizwa. Ndiyo, uliza na ujijibu kwa pamoja, lakini ujue kwamba hapo kipimo kinapanda. Swali la aliyekwama kweli husamehewa kasoro. Swali lililoandikwa na mtu aliye na jibu mfukoni halisamehewi, kwa kuwa alikuwa na muda wote wa kuliandika vizuri. Kasoro ninazokutana nazo ni zile zile. Swali linakuwa mstari mmoja mkavu, "X hufanywaje?", kwa sababu mwandishi ana haraka ya kufika kwenye jibu lake refu. Au swali linakuwa na umbo ambalo jibu lake tu ndilo linaloingia, kama kufuli lililochongwa baada ya ufunguo. Mimi hujipima hivi: nikilificha jibu langu, je, mtu mwingine mwenye ujuzi angeweza kulijibu swali hili kwa njia yake, bila kukisia ninachowaza? Kama hawezi, swali halijakamilika. Litaje tatizo kama lilivyokupata siku ile ulipokuwa hujui: ulikuwa unafanya nini, ulitarajia nini, ukaona nini badala yake.

Kabla ya hapo tafuta, na utafute kwa maneno ya asiyejua, si kwa istilahi. Nimefunga maswali mengi ya kujijibu yaliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa kwa sababu lile lile lilishaulizwa zamani kwa maneno ya kawaida. Ukilikuta, peleka jibu lako kule kule. Jambo lenyewe pia liwe dogo. "Namna ya kutumia Excel" si swali, ni kitabu. "Tarehe zangu zinabadilisha mwezi na siku nikifungua faili la CSV" ni swali.

Na uweke nakala ya kila unachoandika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na majukwaa nayo hufa. Yahoo! Answers ilifunguliwa mwaka 2005, ikakusanya maswali na majibu ya watu wa kila namna, na tarehe 4 Mei 2021 ikafungwa. Mimi nina folda moja yenye faili za maandishi matupu, faili moja kwa kila jibu, jina la faili likiwa kichwa cha swali. Nikilihariri jibu jukwaani, nalihariri na huko.

Kati ya hayo mawili matatu, anza na lile ulilowahi kuulizwa na mtu uso kwa uso. Maneno aliyotumia kukuuliza unayo tayari, na hayo ndiyo kichwa cha swali lako.